Bi Oddveig na Paa la Theluji

"Bi Oddveig, mbona wewe hukwenda nao?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka kumi, nimesimama mbele ya kaunta ya mkahawa wa kivuko na begi mgongoni. Baba yangu alikuwa ameshapanda ndege pamoja na watu wengine wanane wa kijiji chetu cha Straumsvika, huku kaskazini mwa dunia, wanakwenda Madagaska kuezeka shule. Kiti cha kumi kilikuwa cha Bi Oddveig. Kililipiwa, jina lake likaandikwa, na kikaruka kitupu. Jambo hilo lilinishangaza kuliko chochote nilichokuwa nimekiona maishani, kwa sababu bila yeye hakuna mtu kijijini ambaye angejua kwamba shule hiyo ipo duniani.

Aligeuza svele kwenye bamba la moto, akaikandamiza kidogo kwa mwiko, akaipaka siagi, akaweka kipande cha jibini ya kahawia, akaikunja mara mbili na kunisogezea.

"Kula," akasema. "Inapoa."

Basi nikala. Svele ni chapati nene, tamu, ya maziwa mgando, na kwetu kivuko bila svele ni kama harusi bila bibi harusi. Safari ya kuvuka ghuba ni fupi, lakini watu hushuka kwenye magari yao na kupanda ngazi mbio ili wawahi za moto. Bi Oddveig amezipika tangu mama yangu yuko shule ya msingi. Ni mwanamke wa mabega mapana, nywele anajikata mwenyewe kwa mkasi wa jikoni, na sauti yake inaishinda injini. Sura yake ya kawaida ni ya mtu ambaye ametoka kuambiwa jambo la kijinga.

"Oddveig, umecheka leo?" Arnfinn, yule anayeyapanga magari kwenye sitaha, humuuliza kila akija kuchukua kahawa.

"Bado. Sijaona sababu."

"Mimi si sababu?"

"Wewe ni sababu ya kulia, bwana. Chukua kahawa yako uende."

Habari ya shule ilianza na Hanta. Hanta alikuja kwetu kutoka Madagaska kabla sijazaliwa, kusoma mwaka mmoja kwenye shule ya bweni ya vijana iliyoko ng'ambo ya ghuba. Likizo ya kiangazi akapata kibarua kwenye mkahawa wa kivuko, akawa analala darini kwa Bi Oddveig. Lugha yetu hakujifunzia darasani, alijifunzia mbele ya bamba la svele, na mpaka leo akiisema anaisema kama mpishi wa kivuko, matusi yote yamo. Alimwita Bi Oddveig mama. Bi Oddveig hana mtoto, na sidhani kama kuna mtu mwingine aliyewahi kumwita hivyo na akaitika.

Hanta alirudi kwao, akawa mwalimu, kisha mwalimu mkuu wa shule ndogo huko Antsahamena, kijiji cha nyanda za juu. Halafu kikaja kimbunga. Kilipita usiku mmoja tu, asubuhi mabati ya vyumba vyote vitatu yalikuwa yametapakaa kwenye mashamba ya mpunga. Wazazi walifunga maturubai juu ya kuta, masomo yakaendelea. Mvua ikinyesha, watoto wanasogea upande ambao hauvuji. Ikinyesha zaidi, wanafunika madaftari kwa miili yao.

"Nitakuletea paa," Bi Oddveig alimwambia kwenye simu, kama mtu anayesema nitakuletea kahawa.

Alidhani ni jambo la miezi. Ikawa miaka.

Kwanza aliweka kopo kando ya mashine ya malipo, na picha ya shule imebandikwa juu yake. Lakini kwetu watu wameacha kutembea na sarafu. Kila kitu wanalipia kwa kadi au simu. Abiria walikuwa wanalitazama lile kopo kwa huruma, wanajipapasa mifukoni, wanatikisa kichwa. Kilichopatikana mle mara nyingi ni vifungo na karatasi za peremende. Siku moja alikuta jino.

Ikabaki minada ya nyumba ya sala, ambayo kwetu ndiyo ukumbi wa mikutano. Ukiwa na shida ya kuchangia jambo kwetu, unafanya mnada wa vibao. Watu wananunua vibao vyenye namba, gurudumu linazungushwa, namba yako ikisimama unachukua zawadi: soksi za sufu, pakiti za kahawa, mguu wa kondoo uliokaushwa, kikapu cha matunda. Na heshima inataka kwamba ukishinda kitu kikubwa unakirudisha kichezewe tena. Hii heshima ilimtesa Bi Oddveig. Kikapu cha matunda kilichukuliwa na kurudishwa, kikachukuliwa na kurudishwa, mpaka zabibu zikaanza kunywea mbele ya macho yetu. Saa zinakwenda, vibao vinanunuliwa taratibu, watu wanafurahia wema wao.

"Kuna mtu atakipeleka nyumbani hicho kikapu ama nikizike?" alifoka kutoka kwenye gurudumu.

Watu walicheka. Yeye hakuwa anatania.

Hivyo hivyo, mnada kwa mnada, soksi kwa soksi, ilipofika kiangazi cha mwaka wa tatu mfuko ulikuwa umejaa. Fedha zilitosha mbao na mabati ya vyumba vyote vitatu, malipo ya fundi, na chenji ya madawati. Na zilikuwa zinahitajika upesi. Mwaka huo Hanta alikuwa ametuonyesha kwenye simu mtoto mmoja wa darasa la kwanza, Fanja, aliyetembea njia ndefu ya kilimani kufika shule na aliyependa kuisogelea kamera mpaka tukaona pua tu. Bibi yake Fanja alishasema: msimu mmoja mwingine wa mvua chini ya turubai, mjukuu wake atabaki nyumbani. Kifua cha mtoto kilikuwa kinakoroma tangu mvua zilizopita. Mvua zao huanza Novemba.

"Sema halo kwa Bi Oddveig," Hanta alimwambia.

Fanja alisema kitu kirefu kwa Kimalagasi.

"Anasemaje?"

"Anauliza kama paa linakuja kwa kivuko."

"Mwambie ndiyo," akasema Bi Oddveig. "Mwambie liko kwenye foleni."

Sasa, fedha zilikuwa za chama cha kijiji. Kwetu huwezi kuchangisha watu halafu ukaweka hela kwako, hata uwe mtakatifu. Kwa hiyo ilibidi mkutano uitishwe kuidhinisha. Nilikuwepo, watoto wote tulikuwepo, maana kwenye mikutano kuna keki. Sigrunn, mwenyekiti, mwanamke mpole ambaye hawezi kumaliza sentensi bila kumshukuru mtu, alifungua kwa makofi kwa Bi Oddveig.

"Makofi baadaye," alisema Bi Oddveig. "Hanta ana fundi tayari, anaitwa Naivo. Mbao zipo mjini kwao. Tukituma hela kesho, wiki ijayo Naivo yuko juu ya ukuta. Wanaokubali wanyooshe mikono, nikawahi kivuko."

Baba yangu aliinua kikombe, akakirudisha mezani bila kunywa. Baba, Leidulf, ni seremala, mtu wa maneno machache.

"Tumlipe fundi?" akauliza.

Aliuliza kwa mshangao wa kweli, kama vile ameambiwa amlipe mtu ampigie mswaki. Lazima ujue kwamba sisi Straumsvika ni watu wa ujima. Uwanja wa mpira tuliusawazisha wenyewe, gati la mashua tulilijenga wenyewe, na nyumba ile ya sala tuliyokaa ndani yake waliijenga babu zetu wakipokezana nyundo. Siku ya ujima ikitangazwa, huulizwi kama unakuja. Unaulizwa unaleta reki au keki. Kumlipa mtu akufanyie kazi ambayo mikono yako inaiweza ni aibu, na kwenye chumba kile walikuwepo maseremala wanne.

"Tumeezeka maghala mangapi ya mashua mimi na ninyi?" baba akaendelea. "Tuna mikono. Likizo ya shule ya Oktoba tunaongeza wiki moja, tunakwenda, tunaezeka, tunarudi. Hela ya fundi inanunua mbao zaidi."

Ukumbi ulichangamka kama mtu amewasha jiko. Huyu ana mashine ya umeme ya kupigilia misumari, yule ana ngazi ya kukunja. Watu ambao miaka mitatu walikuwa wananunua vibao kwa kupiga miayo sasa macho yanawaka. Nami pia, niseme ukweli. Nilimtazama baba nikaona ni shujaa.

"Na nauli?" aliuliza Bi Oddveig.

"Kila mtu ajilipie."

"Hapana," mtu akasema kutoka nyuma, "hapo wataenda wenye nacho tu. Si haki."

"Ni kweli, asante kwa kulisema," alisema Sigrunn. "Basi mfuko ulipe nusu ya nauli ya kila mmoja. Hapo tuko sawa sote."

Vichwa vyote vikaitikia. Ilikuwa haki tupu.

"Hiyo nusu ni madawati!" Bi Oddveig akasimama. "Na ni akiba ya mbao zikipungua!"

"Madawati tutayapiga wenyewe," alisema baba.

"Kwa mbao zipi, Leidulf? Za kwenye begi lako? Naivo yupo pale! Ana nyundo, ana watoto, anaishi mita mia kutoka shuleni! Nyinyi semeni tu mnataka likizo!"

Hapo ndipo alipoharibu. Mpaka leo anakubali kwamba hapo ndipo. Vijiko viliwekwa kwenye sahani. Shingo ya baba iliiva nyekundu. Maana watu wale hawakutaka likizo. Walitaka kutoka jasho. Ungeweza kuwaambia wana makosa, labda wangesikiliza. Kuwaambia ni wavivu, wao, kwenye jambo la ujima, hapana.

Mikono ikainuka. Yote, isipokuwa miwili, na yote miwili ilikuwa yake.

Kisha Sigrunn, kwa wema wake usiokuwa na mwisho, akasema: "Napendekeza tiketi ya Oddveig mfuko uilipe nzima. Hakuna anayestahili kuiona shule ile kuliko yeye."

Wakapiga makofi wamesimama. Sijawahi kuona mtu akipigiwa makofi akiwa amekasirika kiasi kile. Ungemwambia hapana nani, na ungekataa vipi, kijiji kizima kimesimama kinakutazama kwa upendo? Kesho yake alipiga simu kwenye shirika la ndege akitaka tiketi yake igeuzwe hela, hela igeuzwe mabati. Wakamwambia tiketi ya namna ile hairudishwi. Aliwaambia maneno ambayo Hanta aliyajifunza kwake.

Ndio maana siku ile ya Oktoba nilimkuta bado yuko nyuma ya kaunta, nikamuuliza swali langu, nikaambiwa nile.

Likizo ile mama yangu alikuwa na zamu hospitalini ng'ambo, na baba hayupo, kwa hiyo mchana niliachwa kivukoni. Nilivuka ghuba nikarudi, nikavuka nikarudi, nimekaa meza ya karibu na kaunta. Hapo nilisikia mambo. Hanta alikuwa anapiga simu kila alasiri, na kwa kuwa mikono ya Bi Oddveig ilikuwa na unga, simu ilikaa mezani imefunguliwa sauti, imeegemezwa kwenye chombo cha sukari.

"Mama, ni watu wazuri," Hanta alianza siku ya kwanza. "Wananyanyua mbao kama farasi. Lakini kuku wanaisha."

"Kuku gani?"

"Ni wageni, mama! Wamama wanapika kila siku. Jana wamechinja wa bibi yake Fanja."

"Masomo?"

"Masomo yapi? Nani anasoma huku watu tisa wanagonga nyundo? Nimewaambia watoto wakae nyumbani, lakini wanakuja kuangalia wazungu wakiungua jua. Na Naivo amekaa juu ya tofali anawatazama. Nimemwomba awashikie ngazi ili aone naye yumo."

Bi Oddveig aligonga mwiko kwenye bamba. "Mwambie Leidulf ampe Naivo kazi!"

"Nimwambieje? Ana malengelenge mikononi, mama. Anaimba." Hapo sauti ya Hanta ikabadilika ghafla, ikawa asali: "Asante, Leidulf! Ndiyo, pazuri sana! Nakuja!" Kisha ikarudi: "Mama, nitalia."

Halafu sijui nani alianza, wakacheka wote wawili, Bi Oddveig ameinama ameshika kingo za kaunta. Sikuelewa. Nilidhani wamegombana, sasa wanacheka. Arnfinn alikuja kuchungulia.

"Amecheka?" akaninong'oneza.

"Amecheka," nikasema.

"Nipe tarehe ya leo."

Siku zilivyokwenda kicheko kilipungua. Siku moja ya wiki ya pili, nikiwa nimetoka shule, Hanta hakusalimu hata.

"Mama, paa lako linalala vipi huko kwenu?"

"Linalala vipi kivipi?"

"Mwinuko. Hili ni refu kama la kanisa. Na kenchi za kubebea mabati ni nyingi, nyingi, Naivo amezihesabu akafikiri anaona vibaya. Chumba kimoja kimekula mbao za kimoja na nusu. Nimemuuliza Leidulf kwa nini. Amesema ni kwa ajili ya mzigo."

"Mzigo gani?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

Bi Oddveig aliacha svele ikaungua. Namjua mtu yule, haunguzi. Moshi ulipanda, na nikaona ameelewa.

"Theluji," akasema.

"Nini?"

"Anajenga paa la kubeba theluji."

Kwetu hakuna seremala anayefikiri mara mbili kuhusu jambo hilo. Mkono unakata mbao hivyo wenyewe, maana paa lisilobeba theluji litakuangukia Februari. Baba hakuwa ameamua kujenga paa la theluji. Alikuwa amejenga paa.

Bi Oddveig alipiga simu pale pale. Nilisikia sauti ya baba yangu kutoka upande wa pili wa dunia, imejaa vumbi na furaha.

"Leidulf, hakuna theluji Madagaska."

"Najua."

"Basi punguza mbao!"

"Oddveig, tumeshasimamisha viwili. Paa ni paa. Sitaki liwaangukie watoto wa watu."

"Litaangushwa na nini?"

Baba alifikiri. "Huwezi kujua," akasema.

Walirudi wamebabuka pua, kila mmoja na kofia ya majani. Jioni ya kuonyesha picha za safari, nyumba ya sala ilijaa mpaka mlangoni. Baba, ambaye sijawahi kumwona akilia hata kwenye mazishi ya babu, alilia akielezea jinsi watoto walivyowaimbia. Alilia kweli. Mapaa mawili yalionekana kwenye ukuta, yamesimama wima juu ya vilima vyekundu kama makanisa mawili madogo yaliyopotea njia. Nilijivuna mpaka kifua kikauma.

"Na chumba cha tatu?" Sauti ilitoka nyuma, karibu na makoti.

"Mbao ziliisha," alisema baba.

"Akiba?"

Akiba ilikuwa imekaa pale ukumbini, imevaa kofia za majani.

"Ndani ya cha tatu kuna akina nani?"

"Wadogo," baba akasema kwa sauti ya chini. "Wakubwa wana mtihani, ndio wamepewa vyenye paa."

"Lakini tumewaachia turubai jipya," Sigrunn aliharakisha. "La kwetu, la kufunikia mashua. Imara sana. Asante kwa kuuliza, Oddveig."

Bi Oddveig alichukua koti lake akatoka.

Mvua zilianza. Turubai la mashua halikuvuja, hilo ni kweli. Lilikusanya maji katikati likawa zito kama tumbo la ng'ombe, likakata kamba. Hanta alipopiga simu siku hiyo hakutania wala hakutukana. Alisema bibi yake Fanja amekuja shuleni mwenyewe, amechukua daftari la mtoto, amesema asante kwa yote, na ameondoka.

Kilichofuata ndicho kilichomzeesha Bi Oddveig. Alirudi kwenye mnada wa vibao, watu wakamshangaa.

"Shule ile ile? Si tulishawajengea?"

"Bado chumba kimoja."

"Lakini tulikwenda, Oddveig. Tulikwenda wenyewe!"

Wangemjibu vibaya, angeweza kugombana. Walimjibu kwa upole, wakiwa wametosheka. Mioyo yao ilikuwa imemaliza kazi. Wengine walikuwa na picha za watoto wa Antsahamena kwenye milango ya friji, wanawajua kwa majina, wanawaombea, na hawanunui kibao. Mwaka ule soksi zilibaki mezani. Kikapu cha matunda, kwa mara ya kwanza, mshindi alikipeleka nyumbani.

Akaanza kuokota chupa. Dukani ukirudisha chupa tupu ya plastiki unapata chochote kidogo, na kwenye kivuko abiria huacha nyingi. Alizikusanya chini ya meza, kwenye mapipa ya gatini, kwenye foleni ya magari akigonga vioo: "Umemaliza hiyo? Nipe." Mvua ya mawe inampiga, watalii wanadhani ni maskini wa kijiji, mmoja akampa hela ya chakula. Akaichukua. Nilikuwa namwona kutoka dirisha la kivuko nikienda shule, na nilitamani sana kujua anaiambia nini moyoni kila chupa. Arnfinn alilalamika kwamba mifuko yake inaziba njia ya dharura, kisha nikagundua kwamba ni yeye anayeifunga na kuibeba.

Ilimchukua misimu miwili zaidi ya mvua. Hela zilipofika, Naivo alipanda ukutani Jumatatu, na wiki haikuisha ameshuka. Hanta alituma picha: paa la kawaida, la mwinuko wa kawaida, na chini yake mdogo wa Fanja amekaa dawati la mbele, naye ameisogelea kamera mpaka tukaona pua tu. Fanja mwenyewe hakurudi. Yuko nyumbani anachunga bata na kumsaidia bibi. Bi Oddveig humuuliza Hanta habari zake kila wanapozungumza, na kila mara jibu ni lile lile.

Halafu, mwaka jana, kikaja kimbunga kingine. Kiliondoka na paa la kanisa na nusu ya mabati ya soko. Mapaa ya theluji hayakutikisika. Baba alipata picha, akaikuza, akaitundika karakana, na kila mteja anayekuja kuchukua dirisha anaonyeshwa. Alipanda kivuko makusudi, akaiweka kwenye kaunta kati ya siagi na jibini.

"Nilisema huwezi kujua," akasema.

Bi Oddveig aliitazama muda mrefu. "Na cha Naivo?"

"Nacho kimesimama, nasikia."

"Mbona hakipo kwenye picha?"

Baba alijikuna shingo, akanunua svele mbili, akashuka kwenda kwenye gari lake.

"Umeona?" Bi Oddveig aliniambia, mwiko mkononi. "Hata haki ya kukasirika wameninyang'anya."

Mimi sasa nina miaka kumi na sita, na mambo ni yale yale, navuka asubuhi na kurudi alasiri. Juzi nilikuwa meza yangu ya karibu na kaunta wakati simu ilipolia kwenye chombo cha sukari. Kijiji chetu kimetengeneza kibao cha mbao cha kutundikwa shuleni, na jina la Straumsvika limechongwa kwa herufi kubwa. Ni kazi ya ujima, baba alichonga, Sigrunn alipaka rangi. Kilikuwa kimefika.

"Mama," sauti ya Hanta ilitoka kwenye sukari, "kibao chao ni kikubwa kuliko ubao wangu wa kuandikia."

"Usiseme."

"Nimepima. Na Sigrunn anataka picha, watoto wote chini yake, watabasamu. Nimemwandikia asante tatu. Mama, nikitundike wapi? Nikitundika dirishani darasa lina giza!"

"Kigeuze nyuma, kipake rangi nyeusi, uandikie hesabu."

Hanta alitoa tusi la kivuko, la zamani kabisa, ambalo hata Arnfinn hathubutu. Akacheka mpaka akakohoa, na Bi Oddveig alicheka mpaka akaketi kwenye ndoo ya unga. Kisha Hanta akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyevua viatu, akasema haya, mama, narudi darasani, na simu ikakatika.

Bi Oddveig alijifuta macho kwa kiwiko. Alisimama, akageuza svele, akanitazama kana kwamba lile swali langu la utotoni nimemuuliza sasa hivi.

"Ningekwenda nao," akasema, "Hanta angempigia nani simu?"